Darasa la Likizo Limefungwa. Na Masomo Je?

(Maneno haya yalisemwa na kamati ya maendeleo ya kanisa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Garsen. Tumeyachapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika. Mkiyasoma katika mkutano wenu, someni polepole, na mwenye swali apewe nafasi.)

Habari za Ngao na Tarasaa? Habari za Wema na Hewani? Na ninyi wa Golbanti, na wa Kipini na Ozi, hamjambo? Twawashukuru akina mama na akina baba mliotoka mbali. Twajua wako waliopanda mtumbwi kwanza, halafu pikipiki, ndipo wakafika hapa. Asanteni sana.

Hatutazunguka. Darasa la likizo, lile la Agosti, limefungwa, na halitafunguliwa tena kwa namna tulivyolizoea. Kamati imekaa, imeomba, imepima, na hiyo ndiyo kauli yetu. Lakini hatukuwaita mje matangani. Tumewaita tuelezane mambo matatu. Kwanza, kwa nini limefungwa. Pili, ni kitu gani hasa tumepoteza. Tatu, ni kitu gani bado kiko mikononi mwetu, bila kumngoja mfadhili na bila kuvunja sheria.

DARASA LENYEWE LILIKUWA NINI

Tukumbushane, maana wako vijana hapa na wako waliohamia juzi. Shule za Kenya zina mihula mitatu na likizo tatu. Likizo ya Aprili huja na masika. Likizo ya mwisho wa mwaka huja na vuli. Ninyi ni watu wa Tana, hamhitaji kufundishwa mto hufanya nini majira hayo. Mvua ikinyesha huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, na mabwawa ya huko yakijaa, sisi wa chini huona maji yanapanda hata kama kwetu ni jua kali. Barabara hukatika, vijiji vikawa visiwa. Likizo ya Agosti ndiyo iliyobaki, wakati wa kiangazi, mtoto anapoweza kwenda kwa miguu kutoka kijiji kimoja mpaka kingine. Ndiyo sababu darasa letu likawa la Agosti.

Kazi yake ilikuwa kufidia. Maji yakiingia, shule hufungwa, au hugeuzwa makao ya waliohama nyumba zao. Wazee wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998, iliyobomoa hata matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA. Mwaka 2018 maji yalirudi. Mwishoni mwa 2023 yakarudi tena. Mwaka 2024 nchi nzima iliona yale ambayo sisi tumeyazoea: muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, lakini kwa sababu ya mafuriko shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kwa wengine ilikuwa habari ya redio. Kwetu huo ni mwaka wa kawaida.

Na yakikosekana maji, huja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu 5 mfululizo. Watu walihamia kwenye malisho na watoto wao, na mtoto aliyefuata ng'ombe hawezi kuwa darasani. Basi mmoja anakosa masomo kwa sababu maji ni mengi, mwingine kwa sababu hayapo. Wote wawili wakirudi shuleni wanakuta wenzao wamefika mbele.

Darasa la Agosti liliwapokea hao. Asubuhi kusoma na hesabu. Saa nne uji. Baada ya uji michezo, na saa sita kila mtu kwao. Vikundi vyenu vilitoa kuni, unga na zamu za kupika. Kanisa lilitoa baraza na mabenchi. Halikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa letu.

KWA NINI LIMEFUNGWA

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ilipitishwa mwaka 2013. Kifungu cha 37 kinasema mwanafunzi asifanyishwe masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayevunja kifungu hicho aweza kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au yote mawili. Hebu fikirini, shilingi laki moja! Ni mwalimu gani wa kijijini aliye nazo?

Wengine wenu mnasema, "Sheria hiyo ilitungwa Nairobi na watu wasiojua mafuriko." Tunaelewa uchungu huo. Lakini tuwe wa haki. Tuisheni ilikuwa imeharibika kabisa katika sehemu nyingi za nchi. Watoto walikaa darasani Januari hadi Desemba bila kupumua. Wazazi walitozwa pesa juu ya pesa. Wako walimu walioacha kumaliza mafunzo ndani ya muhula, wakijua kwamba watayauza wakati wa likizo. Na mtoto wa maskini aliachwa nje ya dirisha akisikiliza. Hayo ndiyo sheria iliyataka kuyakomesha, na hakuna mtu hapa atakayesema yalikuwa mema.

Kwa hiyo baada ya 2013 tulibadilika. Hapakuwa na ada tena. Hapakuwa na mwalimu wa shule aliyelipwa. Walisaidia vijana waliomaliza Kidato cha Nne, kwa kujitolea, na wakasoma na watoto badala ya kuendeleza mafunzo ya shule. Mambo yakaenda.

Sababu ya pili ni kalenda. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza shule zifungwe kwa ajili ya Korona. Madarasa machache yalirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, wengine wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Halafu miaka miwili, 2021 na 2022, mihula ilibanwa ili wakati uliopotea urudishwe. Likizo zikawa za siku chache tu. Agosti tuliyoijua ikatoweka. Kalenda ilirudi katika hali yake mwaka 2023, lakini kwa wakati huo mazoea yalikuwa yamekatika. Sufuria zilikuwa zimegawanywa. Watoto wadogo hawakujua kama kuna kitu kinachoitwa darasa la likizo.

Sababu ya tatu ni mikono. Wale vijana wa kujitolea wamekuwa watu wazima. Wengine wako Malindi, wengine Mombasa, wengine wana watoto wao. Hatuwalaumu, kijana lazima ale. Msaada mdogo wa unga wa uji ulikuwa wa mradi wa miaka michache, na mradi una mwisho wake. Mafuriko ya 2023 nayo yaliingia mpaka kabatini, na kitabu kilicholala majini wiki nzima hakifunguki tena.

Basi likaja pendekezo. Baadhi ya wazazi, kwa nia njema kabisa, walisema: tuchange pesa, tuwaite walimu wa shule, tufundishe kimya kimya, na tukiulizwa tuseme ni mafunzo ya dini. Kamati ilikataa, na tunawaeleza hapa mbele ya wote ni kwa nini.

Kwanza, atakayeshtakiwa si kamati pekee. Ni yule mwalimu, mwenye kazi moja na familia inayomtegemea. Pili, kuliita jambo jina la dini ili kuficha jambo jingine si kazi ya kanisa, na ndugu zetu wa msikitini watasema vivyo hivyo kwa upande wao. Tatu, hebu tupige hesabu. Tuseme ada ni shilingi 500 kwa mtoto. Mama mwenye watoto wanne anatakiwa 2,000. Akiwa nazo moja tu, atawaleta wawili. Wawili gani? Mara nyingi watakuwa wavulana. Na wale waliotoka kambi za malisho, ambao darasa lilianzishwa kwa ajili yao, hawatakuwepo hata mmoja. Tutakuwa na darasa la watoto ambao hawakulihitaji sana, linalolipiwa na wazazi ambao hawakulemewa sana. Afadhali tuseme limefungwa kuliko kulibakiza jina lake huku mtoto aliyelihitaji ameachwa nje.

TULICHOPOTEZA HASA

Sasa tuseme lile ambalo halizungumzwi sana. Tukiulizana tumepoteza nini, wengi hujibu: hesabu, Kiingereza, alama za mtihani. Ni kweli. Lakini kuna jambo kubwa kuliko alama.

Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja Chamwanamuma na Kilelengwani. Tarehe 21 Desemba ikaja Kipao. Kwa jumla watu zaidi ya mia moja walikufa katika Tana Delta kwa miezi michache. Hatutasema hapa nani alianza. Kila mmoja katika chumba hiki ana mtu aliyemzika, au anamjua aliyezika. Chanzo tunakijua: maji, majani, mashamba, na malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni, zikizibwa na mazao upande mmoja na kuvamiwa na ng'ombe upande wa pili, na siasa ikimwagia mafuta.

Baada ya hapo, watoto wetu walikulia wapi? Mtoto wa mkulima alikaa kijijini kwao, akasoma na watoto wa kwao. Mtoto wa mfugaji vivyo hivyo. Sokoni walionana kwa mbali. Mtu anaweza kufika miaka kumi na mitano bila kujua jina la hata kijana mmoja wa upande ule, ila anajua hadithi zote za ubaya wao. Kijana kama huyo ni rahisi kumpa panga.

Darasa la Agosti liliweka Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mbajuni kwenye benchi moja, na uji katika vikombe vilivyotoka kapu moja. Hakuna aliyewahubiria amani. Walikaa tu. Aliyejua hesabu alimwonyesha mwenzake, aliyejua mpira akachaguliwa kwanza. Mtoto alirudi nyumbani akitaja jina la mtoto mwingine, na mama yake akauliza, "Ni wa nani huyo?" Swali hilo la mama ni mwanzo wa mambo mengi.

Na Agosti ndio wakati ambao jambo hilo lilihitajiwa zaidi. Kiangazi kikikaza, mifugo huteremka kwenye Delta kutafuta majani na maji. Ndipo shamba na ng'ombe hukutana, na ndipo watu wazima huanza kukunja uso. Watoto walikuwa wamekaa pamoja katika mwezi ule ule ambao baba zao waliangaliana kwa jicho baya.

Kuna na mabinti. Likizo si mapumziko kwa kila mtu. Kuna msichana ambaye anaingia likizo mwanafunzi na muhula ukianza haonekani tena, ameolewa au ana mimba. Darasa lilikuwa mahali anapoonekana kila asubuhi. Asipofika siku mbili, mtu aliuliza. Sasa nani atauliza?

Hayo mawili, benchi moja na mtu wa kuuliza, ndiyo tunayosema tusikubali yafe. Wala hayahitaji ada, hayahitaji mwalimu wa kuajiriwa, na hakuna sheria inayoyakataza.

YALIYO MIKONONI MWETU

Tunapendekeza mambo sita. Si amri. Kila kikundi kichague kinachokiweza.

1. Saa ya kusoma. Sheria inakataza masomo ya shule yasiendelezwe wakati wa likizo. Haimkatazi mtoto kusoma kitabu cha hadithi barazani kwa bibi yake. Kikundi chaweza kuweka sanduku moja la vitabu, na siku mbili kwa juma watoto waje jioni wasome. Shikeni masharti haya: hakuna pesa, hakuna mafunzo ya shule, hakuna mtihani, hakuna mwalimu anayelipwa, na mtoto huja kwa hiari yake. Kabla ya kuanza, mwandikieni barua afisa wa elimu wa eneo lenu na nakala kwa chifu, mweleze mnachofanya, na mngoje jibu. Jambo linalofanywa mchana halina haja ya kujificha. Na sanduku likae juu darini, si sakafuni. Mto tunaujua.

2. Siku ya michezo ya vijiji viwili. Kila kikundi cha kijiji cha wakulima kitafute kikundi kimoja cha kijiji cha wafugaji. Mara moja kila mwezi wa likizo, watoto wakutane. Mpira, kamba, nyimbo, vitendawili, na uji. Mwezi huu huku, mwezi ujao kule. Akina mama wa vijiji vyote viwili wapike pamoja, maana mambo mengi yatakayosemwa pale jikoni yana faida kuliko barabara ya mikutano. Anzeni kabla kiangazi hakijakaza, msingoje ugomvi uanze ndipo mtafutane.

3. Kufidia ndani ya muhula. Watoto wakikosa wiki tatu kwa mafuriko, mahali pa kudai wiki hizo ni shuleni, wakati shule imefunguliwa. Kila shule ina bodi yake ya usimamizi, na ndani yake wazazi wana wawakilishi. Je, mnawajua majina yao? Muhula ukianza, waiteni kwenye mkutano wa kikundi. Waulizeni: watoto waliokosa wamepangiwa nini? Swali kama hilo likiulizwa na mzazi mmoja hupotea. Likiulizwa na vikundi vitano kwa barua yenye sahihi, litaandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

4. Watoto wa kambi za malisho. Hapa watu wengi hawajui kwamba sheria ile ile ya 2013 iliyofunga mlango mmoja ilifungua mwingine. Ndiyo iliyoanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama Kenya. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe ilikubali katika sheria kwamba mtoto wa mfugaji ana haki ya kufuatwa na elimu, hata akihama. Tuulize katika ofisi za elimu Minjila na Hola ni mpango gani uliopo kwa ajili ya Delta. Na tuangalie mfano ulio mbele ya macho yetu. Mwalimu wa duksi amekuwa akihama na familia na mifugo tangu zamani, ubao mkononi. Kama Kurani imeweza kusomwa malishoni, kusoma na kuhesabu kutashindwaje?

5. Sisi wazazi wenyewe. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga wa kutosoma, na ngumbaru ikajaa wazee na akina mama. Kadiri miaka ilivyopita madarasa mengi yalipungua watu. Lakini elimu ya watu wazima ipo hadi leo, na marufuku ya likizo haiwahusu watu wazima. Kikundi kinachokutana kila Alhamisi kwa ajili ya mzunguko wa pesa chaweza kutenga nusu saa kusoma. Mama anayeweza kusoma daftari la kikundi hadanganywi na mweka hazina, na mtoto anayemwona mama yake ameshika kitabu hahitaji kuhubiriwa.

Na asiyejua kusoma asiseme hana la kumfunza mtoto. Wimbo wa taifa tunaousimamia wote, tangu Uhuru mwaka 1963, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Akina mama walioupokezana hawakuwa na cheti. Mtoto anayesimuliwa hadithi, anayetegewa vitendawili, anayehesabishwa mbuzi jioni na maembe kapuni, huyo anafunzwa. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtaala mpya wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, tena nyumbani. Shamba na zizi vimekuwa sehemu ya shule.

6. Jicho kwa mabinti. Kila kikundi kichague wanawake wawili wanaoaminiwa. Siku shule zinapofungwa, waandike majina ya wasichana wote wa kijiji walio shuleni. Siku ya kwanza ya muhula, wapitie majina hayo. Asiyeenda, waulize nyumbani kwa heshima, mapema. Wakiona kuna ndoa inayopangwa, wamweleze chifu bila kuchelewa. Kazi hii haihitaji senti hata moja. Inahitaji daftari na moyo mgumu kidogo.

HESABU YA MALI

Jambo la mali tusiliache, kwa sababu mradi unaofungwa bila hesabu huacha chuki. Kamati imeandika orodha ya kila kilichobaki: mabenchi, sufuria, vikombe, ubao, na pesa kidogo zilizomo katika akaunti. Orodha itabandikwa kwenye mlango wa kanisa na kusomwa katika baraza la chifu, ili hata asiyeingia kanisani aione. Vitu vilivyotolewa na vikundi vitarudi kwa vikundi hivyo. Vile vilivyotolewa na wote vitakopeshwa kwa vikundi vitakavyoanza siku za michezo, kwa zamu na kwa sahihi. Pesa hazitagawanywa. Tunapendekeza zinunue vitabu vya hadithi vya masanduku, kama ninyi mkikubali. Semeni leo, msije mkasemea njiani.

NENO LA MWISHO

Mnaosoma Biblia mnajua habari za Nehemia, jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa upya. Hakuletwa mjenzi mmoja mkubwa. Kila jamaa walitengeneza sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba yao, na ukuta ukakutana. Sisi pia darasa moja kubwa limekwisha. Sasa ni kila kijiji mbele ya nyumba yake, na jirani akitazama jirani.

Twajua ni mzigo. Mna mashamba, mna mifugo, mna madeni ya duka. Lakini Agosti itakuja, na watoto watakuwa nyumbani. Swali ni kama watakutana wakiwa na mpira, au hawatakutana kabisa mpaka siku wakiwa na marungu. Hilo si jambo la serikali peke yake, wala la mfadhili. Ni la waliomo humu ndani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani waliokosa masomo mwaka uliopita kwa sababu ya maji, ukame au mifugo? Tuwataje, tusikisie.

2. Kijiji gani cha jirani hatujawahi kukaa nacho kwa chakula? Nani kati yetu anamjua mtu wa huko wa kuanzia?

3. Wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule yetu ni akina nani, na tutawaita lini?

4. Wanawake wawili wa kushika daftari la mabinti wawe nani?

5. Kati ya mambo yale sita, ni lipi moja tunaloweza kuanza kabla ya likizo ijayo? Nani atalisimamia, na ataleta habari siku gani?

Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi, yaletwe katika mkutano wetu ujao hapa Garsen. Asiyeweza kufika ampe mwenzake. Tutayasoma yote kwa sauti, la kila kikundi, bila kuruka.

Mungu awabariki, awalinde njiani, na mto uwe mpole mkivuka.